Kamyo Inapokataa Gia: Tupime Kwanza, Ndipo Tuhukumu

Juma hili twawaomba mwingie pamoja nasi katika ua wa fundi, penye mafuta meusi chini na harufu ya mazutu. Mama wa nyumbani asigeuze ukurasa upesi. Mambo tutakayoeleza yahusu giaboksi ya kamyo, ile ambayo kwetu huitwa bwati ya vitesi. Lakini yahusu pia akiba ya familia, heshima ya dereva na amani ya ukoo.

Familia moja ya Likasi ilikuwa na kamyo moja. Baba aliinunua ikiwa imekwisha kutumika Ulaya miaka kadhaa, akatoa akiba yake yote, na mkewe akaongeza fedha aliyoipata sokoni kwa kuuza unga. Dereva alikuwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, kijana mtulivu mwenye mke na watoto watatu. Kazi yao ilikuwa kupakia unga wa mahindi Kasumbalesa, kupita Lubumbashi na Likasi, na kuufikisha Kolwezi.

Siku moja ya mvua kubwa, jioni, katika mpando, gia zilikataa kubadilika. Taa nyekundu iliwaka mbele ya dereva, na kamyo ikabaki katika gia moja ya chini, ikatambaa kama kinyonga. Asubuhi yake jua lilipotoka, iliwaka vizuri na gia zikaingia zote. Siku ya tatu mvua iliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Fundi wa kwanza aliyeitwa hakuchukua kipimo chochote. Alisikiliza, akagonga chuma kwa spana, akasema giaboksi imekufa na yatakiwa kununuliwa nyingine. Bei aliyoitaja ilimfanya mama wa nyumba aketi chini. Mwenye kamyo alimgeukia mpwa wake kwa hasira: "Ni wewe uliyeivunja kwa kuendesha ovyo!" Kijana alijibu kwa adabu: "Mjomba, sikufanya neno. Gia hukataa, kisha hukubali zenyewe." Hakusadikiwa. Alinyang'anywa funguo mbele ya watu, na mama yake akaacha kufika katika nyumba ya kaka yake. Majirani nao hawakukosa neno: walinong'ona kwamba kamyo imerogwa.

Mwisho wa habari hiyo tutausema baadaye. Kwanza tuone sababu inayofanya mafundi wengi, hata wenye mikono mizuri, wasiushuku umeme.

*Dizeli ya zamani na dizeli ya leo*

Mjerumani Rudolf Diesel aliendesha mashine yake iliyofanikiwa mwaka 1897, katika mji wa Augsburg. Ajabu ya mashine ile ni kwamba haihitaji cheche ya umeme. Hewa hubanwa kwa nguvu ndani ya silinda mpaka iwe na moto mkali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Kwa hiyo kamyo za zamani, zikiisha kuwashwa, ziliweza kutembea mchana kutwa hata kama betri ni mbovu. Na giaboksi yake ilikuwa vyuma vitupu: dereva alisukuma mti wa gia, mti ukasukuma fimbo, fimbo ikasogeza gia. Hapo ndipo lilipotoka neno la mafundi kwamba dizeli haina haja na umeme.

Neno hilo lilikuwa kweli kwa kamyo zile. Lakini mwaka 1996 Mercedes-Benz ilitoa kamyo iitwayo Actros, ambayo gia zake huamriwa kwa umeme na kusukumwa kwa upepo. Mwaka 2001 Volvo ilitoa giaboksi yake ya I-Shift, ambamo kompyuta huchagua gia na kuibadilisha, wala dereva hana klachi ya kukanyaga. Watengenezaji wengine walikwenda njia hiyo hiyo. Kamyo hizo zikiisha kufanya kazi Ulaya, nyingi huuzwa Afrika. Hivyo fundi aliyejifunza kwa vyuma vitupu hujikuta mbele ya chombo chenye vyuma, upepo na umeme pamoja.

Tutumie mfano. Kompyuta ya giaboksi ni kama karani mwaminifu katika ofisi. Hupokea habari kutoka kwa vihisi, yaani vidude vidogo vinavyoona mambo: kimoja hueleza mhimili wazunguka kwa mwendo gani, kingine hueleza gia iko mahali gani, kingine klachi imefunguka kiasi gani. Karani huyo akiisha kusoma habari zote, hutoa amri kwa vali za umeme. Vali hufungua upepo, na upepo husukuma gia.

Sasa, taa ya ofisi ikififia, karani atafanya nini? Asiposoma vizuri, huogopa kuingiza gia isiyofaa na kuvunja kila kitu. Basi huwasha taa ya hatari, na pengine hushikilia gia moja tu mpaka mambo yanyooke. Dereva aonapo hivyo hudhani giaboksi imekufa, kumbe giaboksi ni nzima, na karani anailinda.

*Dalili za kutuelekeza*

Mganga mwema huuliza kabla ya kutoa dawa. Na sisi tumwulize dereva, kwa kuwa ndiye aliyekuwapo. Yafaa tumwulize mambo haya.

Je, ugonjwa huja na kwenda? Jino la gia likivunjika halijirudishi usiku. Ugonjwa unaotokea wakati wa mvua, au wa joto, au barabara inapotikisa gari, kisha ukatoweka, mara nyingi hukaa katika nyaya na viungo vyake.

Je, taa za hatari zaidi ya moja huwaka pamoja? Kama giaboksi, breki na saa za mbele zote zalalamika kwa mara moja, si rahisi vyote viwe vimekufa dakika ile ile. Tutafute kitu kinachovihudumia vyote, ndio umeme wenyewe, au nyaya zinazopeleka habari.

Je, hali hubadilika taa kubwa na vifuta mvua vinapowashwa? Ikiwa ndivyo, umeme hautoshi mahali fulani.

Kwa upande mwingine, kuna dalili za ugonjwa wa vyuma. Sauti ya kusaga isiyokoma, vipande vya chuma katika mafuta ya giaboksi, mafuta yanayovuja, harufu ya klachi iliyoungua, na ubaya unaoongezeka kila siku pasipo kupumzika: hapo fundi wa vyuma na afungue kazi yake. Wala upepo usisahauliwe. Kama saa ya upepo yaonyesha chini ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari, gia haziwezi kusukumwa, hata umeme uwe mzuri namna gani. Tutege sikio tusikie kama kuna mahali panapolia "sss".

*Jinsi ya kupima*

Kabla ya kazi, kamyo isimame mahali pa sawa, breki ya mkono ifungwe, gia iwe huru, na mawe makubwa au magogo yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu. Kamyo yenye kujibadilishia gia yaweza kusogea pasipo mtu kuigusa. Anayeshika betri asivute tumbaku, maana betri hutoa hewa iwakayo. Na avue saa na kila chuma mkononi. Pete ya ndoa nayo ivuliwe kwa muda; mke mwema atapenda mumewe arudi na kidole.

Chombo kinachotakiwa ni multimita, kile kipimo kidogo cha volti na omu. Bei yake haifikii bei ya gurudumu moja la kamyo.

Kwanza, tusome nambari za kosa kabla ya kuondoa waya wowote, tuziandike katika daftari. Kamyo nyingi huzionyesha mbele ya dereva. Nyingine huhitaji chombo cha fundi. Tujue kwamba nambari haituambii tununue kitu gani. Yatuonyesha tu mahali pa kuanzia kutafuta.

Pili, tupime betri. Kamyo kubwa huwa na betri 2 za volti 12, zilizofungwa moja baada ya nyingine ili zifanye volti 24. Gari likiisha kupumzika saa kadhaa, tupime kila betri peke yake. Iliyo nzima na kujaa huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo, yenye 12.0 imekaribia kuwa tupu. Zote mbili zapaswa kuwa karibu sawa. Wakati wa kuwasha mashine, jumla yake isianguke chini ya volti 19 hivi.

Tatu, tupime altaneta. Mashine ikizunguka kwa mwendo wa kati, betri zote mbili pamoja zionyeshe kati ya volti 27 na 29. Kisha multimita igeuzwe kwenye volti za umeme wa kwenda na kurudi, tupime tena pale pale. Namba iwe ndogo sana. Ikipita nusu volti, tuzishuku diodi za altaneta: zikiharibika hutoa umeme wenye mawimbi, na mawimbi hayo huchanganya habari za vihisi.

Nne, na hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, tupime masi. Umeme ukiisha kufanya kazi lazima urudi kwenye betri, nao hurudi kwa njia ya bodi, chasisi na waya nene zilizofungwa kwenye mashine. Waya hizo hukaa chini, penye tope na maji, na kutu hula kiungo mahali pasipoonekana. Mashine ikiwa imewashwa, na taa zote na vifuta mvua vikifanya kazi, tuweke ncha moja ya kipimo kwenye hasi ya betri, na ya pili kwenye chuma safi cha mashine, halafu cha giaboksi. Volti zisipite 0.2 hivi. Zikipita sana, umeme unapotea njiani. Kipimo hiki hufanywa wakati umeme unatumika kweli. Ukipima omu gari limezimwa, waya uliobaki na uzi mmoja tu waweza kuonekana mzima, kama vile daraja bovu linavyombeba mtoto likashindwa kubeba kamyo.

Tano, tupime hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hata fyuzi ya kompyuta ya giaboksi. Fyuzi itolewe na kutazamwa miguu yake. Ikiwa imegeuka nyeusi au imeyeyuka, kiungo hicho kimepata moto.

Sita, tutazame soketi za nyaya. Zifunguliwe kwa upole betri zikiwa zimezimwa, tuone kama mna maji, kijani cha kutu, mafuta, au pini iliyorudi nyuma. Kisha, gari likiwashwa mahali pale pale, mtu mmoja atikise nyaya polepole huku mwingine akitazama taa ya hatari. Kihisi cha mwendo nacho kitolewe na kufutwa, maana chenye sumaku hukusanya unga wa chuma mbele yake.

Saba, kuna nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, ambazo kompyuta za gari huzungumza kwazo. Katika kamyo nyingi kila mwisho wa nyaya hizo una kizuizi cha omu 120. Betri zikizimwa, kipimo kati ya nyaya hizo mbili huonyesha omu 60 hivi. Kikionyesha 120, upande mmoja umekatika. Kikionyesha karibu na 0, nyaya zimegusana. Lakini si kamyo zote zilizofungwa namna moja, basi kitabu cha gari kifuatwe.

*Desturi zinazoua kompyuta*

Kuna desturi tulizorithi kutoka kwa kamyo za zamani, nazo kwa kamyo za leo ni sumu.

Ya kwanza ni kuondoa betri mashine ikizunguka ili kujaribu altaneta. Volti huruka juu ghafula na kuunguza kompyuta.

Ya pili ni kuchomelea chasisi kwa umeme pasipo kuondoa nyaya za betri na kufuata maagizo ya mtengenezaji juu ya kompyuta. Chuma kitashikamana vizuri, na kompyuta itakufa kimya.

Ya tatu ni kugusa kila waya kwa taa ya majaribio. Taa hiyo huvuta umeme mwingi kuliko waya nyembamba za kompyuta ziwezavyo kutoa. Kadhalika kutoboa waya kwa sindano: tundu ni dogo, lakini maji ya mvua huliona.

Ya nne ni kuosha giaboksi na soketi zake kwa pampu yenye nguvu. Maji husukumwa ndani ya viungo ambavyo mvua ya mbinguni isingevifikia.

Ya tano ni kuiba volti 12 kwenye betri moja, ili kupata redio, taa ya ndani au chaji ya simu. Betri hiyo hufanya kazi mara mbili na kudhoofika, na mwenzake hujazwa kupita kiasi mpaka ichemke. Anayehitaji volti 12 anunue chombo kinachopunguza volti 24 kuwa 12.

*Mwisho wa habari ya Likasi*

Turudi sasa kwa familia yetu. Mama wa nyumba, mwenye kushika daftari la fedha, ndiye aliyesema: "Baba, kabla ya kuuza kiwanja, tumwite mtu mwenye kipimo." Alikuja fundi wa umeme, mzee wa maneno machache. Kwanza aliomba dereva aletwe. Mwenye kamyo hakupenda, lakini alikubali. Kijana alieleza yote: mvua, jioni, mpando, kisha asubuhi nzuri. Mzee akaitikia kwa kichwa tu.

Alipopima betri alipata moja ina volti 12.8, nyingine 11.9. Alipowasha mashine, taa kubwa na vifuta mvua, akaweka kipimo kati ya betri na mashine, kipimo kilionyesha zaidi ya volti 3. Akalala chini, akakuta waya wa masi umefunikwa rangi na tope. Alipoukwangua, kiungo chake kilikuwa kimeliwa na kutu, zimebaki nyuzi chache. Basi wakati wa mvua jioni, taa na vifuta vilipowashwa, karani alikosa mwanga akafunga ofisi. Asubuhi ya jua, taa zikiwa zimezimwa, alisoma vizuri tena.

Kisha mzee akafuata waya mwekundu uliotoka katikati ya zile betri mbili na kuingia ndani ya kamyo. Ulikuwa wa redio. "Nani aliyeufunga waya huu?" akauliza. Kijana alitazama chini, hakutaka kusema. Mwenye kamyo mwenyewe ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo: "Ni mimi niliyeagiza ufungwe."

Dawa ilikuwa waya mpya wa masi, chuma kilichokwanguliwa mpaka kung'aa, grisi juu yake, betri mbili mpya zinazofanana, na kile chombo cha kupunguza volti. Gharama yote ilikuwa sehemu ndogo tu ya bei ya giaboksi. Kiwanja hakikuuzwa.

Lakini deni jingine lilikuwa halijalipwa. Jumapili baada ya Misa, mwenye kamyo alikwenda kwa miguu hata nyumbani kwa dada yake. Alimkuta kijana ameketi na watoto wake. Akasema mbele ya wote: "Mpwa wangu, nilikunyang'anya funguo mbele ya watu, na mbele ya watu nakurudishia. Nilikukosea." Kijana aliinuka, akazipokea kwa mikono miwili. Dada akaingia jikoni kusonga bukari.

Wasomaji wapenzi, Amri ya nane haikatazi uongo wa makusudi tu. Kumtia mwenzetu hatiani pasipo kuchunguza nako ni kumwibia jina lake, na jina haliuzwi dukani kama betri. Bwana wetu alituonya juu ya mtu aonaye kibanzi katika jicho la ndugu yake, asione boriti katika jicho lake mwenyewe. Huko Likasi boriti ilikuwa waya mmoja mwekundu.

Wazee walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Basi, enyi wenye kamyo, kila mwezi kagueni masi na betri. Enyi madereva, andikeni katika daftari siku, saa na hali ya kila ugonjwa wa gari. Daftari hilo ni shahidi wenu. Nanyi mafundi, nunueni kipimo, na msiaibike kusema "ngoja nipime kwanza" hata mwenye gari akiwaharakisha.